Dada yangu aliniletea losheni ya jua, sasa uso wangu unaikataa

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mwalimu wa michezo. Kazi yangu ni ya juani tangu asubuhi hadi jioni. Baada ya kujifungua mtoto wa pili nilitokwa na mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo. Daktari alisema ni melasma, akanionya nisikimbilie krimu za kung'arisha, nianze kwanza kujikinga na jua kila siku.

Dada yangu, wa kwanza kwetu, anauza vipodozi. Baba alipofariki ndiye aliyetulea, na ada yangu ya chuo aliilipa yeye. Nilipomsimulia maneno ya daktari, kesho yake aliniletea losheni ya kukinga jua na hela akakataa. Ilikuwa losheni nzuri kweli. Haiachi weupe, inanyweka mara moja, haitiririki ukitoa jasho. Nilitumia miezi minne, mabaka yakaanza kufifia. Walimu wenzangu wakaniuliza siri yangu, nikawaelekeza kwa dada. Walionunua mpaka sasa ni 11.

Mwezi uliopita tulikuwa na mashindano ya siku mbili. Asubuhi zote mbili nilichua bega langu la kulia kwa jeli ya maumivu niliyoanza kuitumia wiki kama tatu kabla, nikapaka losheni, nikavaa fulana isiyo na mikono, nikaingia uwanjani. Mchana nikapaka losheni tena. Siku iliyofuata niliamka na mwasho ambao sijawahi kuupata. Ya pili yake uso ulivimba hata macho yakawa hayafunguki vizuri. Vipele vyenye majimaji vilijaa kwenye paji la uso, mashavuni, shingoni kwa mbele, kifuani pale fulana inapoishia, na mikononi. Bega ndilo lililoumia kuliko kote, ngozi ilibabuka. Ajabu ni kwamba chini ya kidevu, nyuma ya masikio na pale mkanda wa saa ulipofunika ngozi ilibaki safi, ingawa huko nako nilipaka.

Nilikaa ndani, baada ya wiki mbili nikapona. Nikapaka losheni tena, nikatembea juani kama nusu saa. Kesho yake yakawa yaleyale.

Nilimpigia dada. Alisema, "Mimi mwenyewe naipaka kila siku. Ingekuwa inakukataa ungeona siku ya kwanza, si mwezi wa tano. Umechanganya na kitu." Kisha akaniambia ana mzigo mpya aliouchukua kwa mkopo, na nikianza kusema ovyo nitamfilisi. Mama yuko upande wake. Aliniambia, "Mdomo wako ndio uliomletea mwenzako wateja, usije ukawa ndio unaomfukuzia."

Lakini mwalimu mmoja kati ya wale 11 aliwahi kusema losheni ile humchoma macho akitoa jasho. Nimeanza kuamini ina sumu, au ni bandia. Wenzangu waliponiuliza habari ya uso niliwaambia nimeumwa na mdudu. Kwenye kundi letu la simu nimeandika onyo mara tatu, na mara zote tatu nimelifuta kabla ya kulituma.

Sasa mabaka yamerudi, meusi kuliko mwanzo. Rafiki amenipa kikopo cha krimu kisicho na maandishi, anasema hutuliza vipele na kurudisha rangi kwa wiki moja. Nimekipaka siku nne na kweli kinatuliza. Mume wangu ananiambia niache kupaka kitu chochote usoni, na ikibidi niache na kazi.

Nikinyamaza nahisi nawauza wenzangu, na nikisema nitakuwa nimemuuza dada. Nishauri.

Mwalimu wa Uwanjani

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa uso, na pole zaidi kwa zile mara tatu ulizoandika ukafuta. Huko ndiko barua yako inakoumia, hata kuliko begani.

Nikikusikia sawasawa, unabeba mambo mawili uliyoyafunga kamba moja. La kwanza ni la ngozi: ni kitu gani kimekufanya hivi, na sasa ujikinge kwa kitu gani? La pili ni la nyumbani: mtu aliyekulea anaomba unyamaze, nawe una watu 11 walioweka nyuso zao mikononi mwako. Umeyafunga pamoja kwa sababu jibu la la kwanza unaona unalo tayari, kwamba losheni ina sumu. Kwa ruhusa yako nitaifungua hiyo kamba. Mimi si daktari wa ngozi, na unamhitaji daktari wa ngozi, lakini barua yako ina dalili ambazo nisingependa zikupite.

Tuanze na mkanda wa saa. Unasema ulipaka losheni kabla ya kuvaa saa, na chini ya mkanda ngozi haikuguswa. Chini ya kidevu vilevile, na nyuma ya masikio. Losheni ingekuwa sumu ya kawaida, ingeunguza popote ilipopita. Hapa iliumiza pale tu palipokutana vitu viwili, kilichopakwa na mwanga wa jua. Madaktari wana jina la hali ya namna hii: mzio wa ngozi unaoamshwa na mwanga. Kemikali inakaa kwenye ngozi bila fujo, miale ya jua, hasa ile isiyoonekana iitwayo UVA, inaibadilisha, na chembe za kinga za mwili zinakiona kile kilichobadilika kama adui. Majibu yake hayaji papo hapo. Huchukua siku moja au mbili, kama yalivyokuchukua wewe.

Kati ya vinavyobadilishwa hivyo ni vichujio vya kikemikali vya losheni za jua, yaani vile viungo vinavyomeza miale. Vinavyotajwa sana ni oksibenzoni, ambayo pakiti za Ulaya huiita benzofenoni-3, oktokrileni na avobenzoni. (Kwenye pakiti yako majina haya yataandikwa kwa tahajia ya kigeni. Yasome kwa sauti, utayatambua.) Kwa hiyo hukuwa mwendawazimu kuishuku losheni. Huko nyuma vipo vichujio vilivyoachwa kwa sababu ya mizio. PABA, iliyokuwa maarufu miongo mingi iliyopita, leo huipati kirahisi dukani.

Hata hivyo kuna sentensi moja uliyoipita mbio, nami nimeirudia mara kadhaa. "Nilichua bega langu la kulia kwa jeli ya maumivu niliyoanza kuitumia wiki kama tatu kabla." Losheni ilikaa na wewe miezi minne kwa amani. Jeli ilikuja, na wiki tatu baadaye mambo yakaharibika, na palipoumia kuliko kote ni palepale ulipopaka jeli. Nenda kachukue tyubu yake usome jina la dawa. Kama ni ketoprofeni, shika kalamu uandike, maana daktari wako atataka kulijua hilo kabla hajakugusa uso.

Ketoprofeni ya kupaka inajulikana kwa kuleta mzio wa juani. Mwaka 2010 wakala wa dawa wa Ulaya ulishauri jeli hizo zitolewe kwa cheti cha daktari tu, na mtumiaji afunike sehemu aliyopaka isipate jua muda wote wa matibabu na wiki mbili baada ya kuacha, tena anawe mikono vizuri kila anapomaliza kupaka. Je, wewe ulinawa? Au ulichua bega, ukajifuta kwa taulo, ukachukua losheni kwa vidole vilevile na kuipaka usoni? Silaumu, kila mtu angefanya hivyo. Kuna na jambo la pili. Watu wengi ambao ngozi yao imeshaichukia ketoprofeni huanza kuikataa oktokrileni na oksibenzoni pia wanapotoka juani. Mtu anaacha jeli, anabaki na losheni yake ya siku zote, na losheni iliyokuwa rafiki sasa inamvimbisha. Ile nusu saa uliyotembea baada ya kupona inaweza kuwa ilikuwa hivyo. Unaandika kwamba ulipaka losheni tena, ila hukusema kama jeli ulikuwa umeiacha.

Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema inawezekana, na mambo ya namna hii yamewahi kupimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, watu 1,031 walioshukiwa kuwa na mzio wa mwanga walipimwa katika nchi 12 za Ulaya. Waliothibitika walikuwa 200. Kilichoongoza si losheni ya jua, ni ketoprofeni, kwa watu 128. Vichujio kama oktokrileni na oksibenzoni vilikuwa nyuma yake kwa mbali. Zingatia pia wale zaidi ya 800 ambao kipimo hicho hakikuwaonyesha mzio huo, ingawa nao walikuja na vipele vyao na uhakika wao.

Ndiyo maana nakuuliza tena juu ya neno "sumu". Mwenzako anayechomwa macho akitoa jasho hana lazima ya kuwa na ugonjwa wako. Losheni nyingi za jua huwasha macho zikitiririka. Huo ni mchomo wa kawaida, unapita ukinawa, na hutokea mara nyingi zaidi kuliko mzio wa kweli. Umeuchukua mchomo wake ukauweka juu ya uvimbe wako, vikawa ushahidi mmoja. Na kama losheni ingekuwa bandia, ningetarajia jua likuunguze kama mtu ambaye hakupaka kitu. Haielekei kutembea nusu saa tu kungemvimbisha hivyo mtu aliyezoea kushinda juani.

Dada yako naye amekosea kitu kimoja na amepatia kingine. Amekosea aliposema mzio ungeonekana siku ya kwanza. Mzio wa aina hii hujengeka. Mwili unakutana na kitu wiki au miezi, unakizoea kwa nje huku kwa ndani unakiwekea alama, halafu siku moja unakikataa na ukaendelea kukikataa miaka mingi. Hata yeye kuipaka kila siku bila shida hakuthibitishi chochote juu ya ngozi yako. Lakini aliposema "umechanganya na kitu", huenda alipiga shabaha bila kujua. Je, ulimsikia aliposema hivyo, au ulisikia kujitetea tu?

Kuhusu kile kikopo kisicho na maandishi nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Krimu inayotuliza vipele na kung'arisha kwa wiki moja mara nyingi huwa na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, na mara nyingine dawa za kupausha ngozi kama haidrokwinoni, hata zebaki. Steroidi ina kazi yake daktari anapoiandika kwa siku chache, akijua nguvu yake na mahali pa kuipaka. Ukiipaka usoni bila kujua ni ipi, inakondesha ngozi, inaleta chunusi, na ukiacha vipele hurudi kwa hasira. Zaidi ya hayo, steroidi ikipakwa mahali pa kupimia inaweza kuficha mzio, ukaambiwa huna kitu kumbe unacho. Usikitupe, kibebe uende nacho kwa daktari. Na uso ukivimba tena hadi macho kufumba, au ukikosa pumzi, usisubiri miadi wala barua yangu.

Ukifika huko omba kipimo cha kubandika, hasa kile cha kubandika na kumulika. Wanachukua vichujio mbalimbali pamoja na losheni yako na jeli yako mwenyewe, wanavibandika mgongoni mara mbili, kushoto na kulia. Baada ya siku moja au mbili upande mmoja unamulikwa kwa UVA kidogo, mwingine unabaki umefunikwa, kisha wanasubiri tena na kusoma. Pakiwasha upande uliomulikwa peke yake, wanajua ni mwanga. Pande zote zikiwasha sawasawa, ni mzio wa kawaida wa kugusa, na hapo mshukiwa anaweza kuwa si kichujio kabisa bali manukato au kihifadhi kilichomo kwenye losheni. Daktari anaweza pia kutaka kuhakikisha jua lenyewe silo linalokuletea vipele, maana ipo hali hiyo, na yapo magonjwa kama lupasi, ambapo kinga ya mwili hujishambulia, ambayo huonekana hivyo mwanzoni.

Kipimo hiki hakipo kila hospitali. Usipokipata, daktari mzoefu ataanzia kwenye historia yako, na barua uliyoniandikia mimi ni historia nzuri kuliko nyingi. Watu wengine hujijaribu nyumbani kwa kupaka losheni kidogo ndani ya mkono mara mbili kwa siku kwa wiki nzima. Kwa hali yako sikushawishi. Ndani ya mkono hakupati jua, kwa hiyo pakibaki safi hutakuwa umejua lolote. Kurudia kujianika makusudi nako ni kucheza na moto uliokwisha kukuunguza mara mbili.

Ushauri wa mume wako wa kuacha kupaka chochote nauelewa, anaogopa. Kwa siku hizi ambazo ngozi ni mbichi ana hoja. Ukigeuka kuwa wa kudumu utakuletea shida nyingine, kwa sababu melasma hulishwa na jua, na kwenye ngozi zetu nyeusi kila kipele kikipona huacha doa linalokaa miezi. Katikati ya hayo kuna njia. Losheni za madini, zenye zinki oksidi au titani dioksidi peke yake, ni nadra sana kuleta mzio. Hasara yake unaijua, huacha uso kama umepakwa majivu. Zipo zenye rangi ya ngozi, zilizotiwa oksidi za chuma, na kwa mwenye melasma hizo zina faida ya ziada kwani huzuia pia mwanga unaoonekana kwa macho, ambao nao huchochea mabaka. Tafuta isiyo na manukato, usome pakiti yote, kwani nyingine huandika madini kwa herufi kubwa na vichujio vya kikemikali kwa herufi ndogo. Kagua vilevile poda, rangi ya mdomo na mafuta ya nywele. Vichujio hivyohivyo hujificha humo. Na kofia pana, mikono mirefu na mazoezi ya kusogezwa asubuhi hukukinga bila kupaka kitu. Kabla hujafikiria kuacha kazi, umewahi kumwomba mkuu wako abadilishe ratiba?

Sasa twende nyumbani kwenu.

Unaweza kunyamaza mpaka majibu yatoke. Ni wiki chache tu, na amani na dada inabaki. Lakini uongo wa mdudu nao utaendelea kuishi, na ukija kujulikana, wenzako watajiuliza ni nini kingine ulikificha kwa ajili ya biashara ya nyumbani. Halafu kuna kitu ambacho pengine hukukifikiria. Wewe ni mwalimu wa michezo, wenzako nao huumwa magoti na migongo. Ni wangapi wana jeli kama yako mkobani?

Unaweza kutuma lile onyo. Utalala mwepesi usiku mmoja. Ila ukishaandika "losheni hii ni sumu" na kipimo kikaja kusema ni jeli, hutaweza kuyarudisha maneno yale kwenye simu za watu, na dada atabaki na mzigo aliouchukua kwa mkopo, kwa kosa lisilo lake. Baya zaidi, wapo watakaoacha kujikinga na jua na kuendelea kujichua.

Au unaweza kusema ulichokiona bila kusema usichokijua: kwamba hakuwa mdudu, kwamba umevimba baada ya kutumia losheni na jeli ya maumivu juani, unasubiri kupimwa, na atakayeona mwasho aache vyote viwili amwone daktari. Hakuna sumu ndani yake wala jina la mtu. Lakini sitakudanganya kwamba haina gharama. Dada anaweza kulisikia kama usaliti hata hivyo, hasa akilisikia kwa wateja kabla ya kulisikia kwako. Mpangilio wa nani anaambiwa kwanza unaweza kuwa mzito kuliko maneno yenyewe.

Hilo linanirudisha kwenye simu uliyompigia. Ulimpigia. Yeye hakuliona bega, hakuyaona macho. Alichosikia ni sauti ya mdogo wake ikisema bidhaa yake ni mbaya, siku ambayo deni lilikuwa linamkaba. Unafikiri ingekuwaje ungeenda kwake na picha, na tyubu mbili mkononi, ukaanza na sentensi yake mwenyewe, "Dada, uliniambia nimechanganya na kitu, nadhani huenda ulisema kweli"? Sijui atajibu nini. Watu wenye madeni hukasirika hata wakiombwa radhi. Lakini mfanyabiashara naye anahitaji kujua kilichomo kwenye mzigo wake: vichujio gani, toleo namba ngapi, nani wa kumwandikia mteja akipata madhara. Akijua hayo ataweza kumuuliza mteja mpya, "Unatumia jeli yoyote ya maumivu?" Swali hilo wauzaji wachache huliuliza.

Mama naye, pengine anaogopa kitu kingine kabisa. Amebakiwa na ninyi, na anaona kichupa cha losheni kinawagawa. Ungemwuliza anaogopa nini, badala ya kumwuliza nani ana haki, angekujibu vipi?

Kuna swali moja mimi sina jibu lake, ni lako peke yako. Uliandika kwamba dada alikataa hela ya ile losheni ya kwanza. Je, ungeshindwa vilevile kusema kama ungekuwa uliilipia?

Niandikie ukishasoma jina kwenye ile tyubu. Na dada yako akitaka kuandika upande wake, mwambie nitamsoma kama nilivyokusoma wewe.